Sauti Iliyokwanguliwa

Kikapu cha simu kilikwishajaa, na bado Mchungaji Kajiru alikuwa amesimama mlangoni akijipapasa mifukoni.

"Na saa, Mchungaji," Daktari Namkunda alimwambia. "Hiyo nayo inasikia."

"Hii ni ya kutazama muda tu, mama."

"Hata mara ile uliniambia hivyo, ikakukumbusha dawa ya presha katikati ya wimbo."

Watu waliokwisha kukaa wakacheka. Mchungaji akaivua, akaitia kikapuni kwa shingo upande, na kikapu kikapelekwa banda la kuku, maana huko ndiko kulikokuwa mbali na sebule. Vikao vya nta viliendeshwa hivyo kote Upareni. Chochote chenye uwezo wa kunasa sauti hakikuingia ndani. Aliyetaka kusikia alikuja na masikio yake mawili.

Miaka mingi ilikuwa imepita tangu sauti zianze kughushiwa hadi watu wakachoka. Marehemu walipiga simu kabla hata matanga hayajaanuliwa, kikohozi chao kilekile, wakimwagiza mjane auze shamba. Watoto waliitwa getini na mama zao, kumbe mama zao wako kazini. Mwishowe mahakama zikafunga mlango: sauti iliyonaswa si ushahidi, iwe ya nani, iwe ya lini. Kilichobaki kuaminika kilikuwa kinywa cha mtu aliye mbele yako, na nta. Nta haikupitia kompyuta yoyote. Mtu wa zamani alisema ndani ya pembe, pumzi yake ikatikisa sindano, sindano ikachimba mfereji kwenye silinda, basi, kazi imekwisha. Na jinsi nta inavyozeeka ndani kwa ndani, hakuna tapeli aliyeweza kuiiga.

Ndipo madari ya nyumba za Ulaya yalipoanza kukombwa, na silinda zilizokuwa zikioza kwenye masanduku ya viatu zikawa zinasafiri kwa ndege kama maharusi. Waafrika nao hawakubaki nyuma. Wakusanyaji wa Dar walijaribu, joto likawayeyushia mali zao, wakahamia milimani. Namkunda hakuhitaji kuhama. Alikuwa daktari wa meno Usangi, na Usangi ni baridi tangu iumbwe. Alikuwa na kabati zima la Wajerumani, wengi wao wakiimba vibaya, na aliwapenda wote. Ila kipenzi alikuwa mmoja.

Alimtoa kwenye kopo lake kwa kuingiza vidole viwili katika tundu la silinda na kuvitanua, jinsi wakusanyaji wote wanavyofanya, pasipo ngozi kugusa mifereji. Akaivisha kwenye mtambo wake wa kuzungushwa kwa mkono, akashusha sindano.

Mwanamume alisema kitu kwa Kijerumani. Akataja jina, Lotte. Kisha kisauti cha mtoto kikaanza kukariri shairi, kikaenda vizuri, kikafika mahali kikakwama. Kikarudia. Kikakwama palepale. Halafu mtoto akaanza kucheka, kicheko cha kujizuia kwanza, cha mtu anayejua ataudhi, kisha kikamshinda, na baba yake naye akashindwa, na mwishoni kabisa Lotte akasogea karibu na pembe akaiaga usiku mwema.

Hapo sebuleni hakukuwa na anayejua Kijerumani, na hakukuwa na asiyetabasamu. Eliudi, marehemu mume wa Namkunda, ndiye aliyemleta mtoto yule kutoka mnada wa Leipzig. Ugonjwa wake ulipokuwa umemnyang'anya kila kitu, hata chakula, alikuwa bado akisikia kicheko kile anacheka naye. Namkunda alimpenda Lotte kama anavyopendwa mtoto wa nyumbani, na kwa kuwa kila uchezaji huikwaruza nta kidogo, alimcheza mara moja tu kwa mwezi na kila mara roho ilimuuma.

*

Mbonea alipanda kutoka Dodoma na mtambo wake umefungwa kwenye blanketi. Alikuwa mtu mzima wa kitambi na maneno mengi, fundi wa maabara moja inayochunguza nta, na aliutania mtambo wake kwa kuuita mkunga. Jina lake halisi lilikuwa kiibuzi.

"Nikuonyeshe tu, mama daktari," alisema, akiielekeza taa ya kiibuzi kwenye silinda ya Lotte. Picha ya nta ikatokea kwenye kioo, safu juu ya safu. "Unaona huku chini? Huyu mtoto wako amelala kitanda cha mtu."

Namkunda akavaa miwani. "Imekwanguliwa?"

"Ilikwanguliwa. Hao wazee walikuwa wabahili. Wakimaliza na sauti, wanaipitisha kwenye kisu, wanapata uso mpya, wanasema tena. Lakini sindano haichimbi juu tu, inaikandamiza na nta ya chini. Mfereji utaukwangua, mkandamizo utabaki. Kama jino lililong'olewa zamani. Wewe si unaweza kuangalia taya ukajua lilikaaje?"

"Naweza."

"Basi na mimi hivyo hivyo. Naipasha nta moto utando kwa utando. Iliyokandamizwa inafura tofauti na isiyokandamizwa, na kiibuzi kinaufuata ule mfuro na kuusema." Akakohoa. "Ila utando wa juu unayeyuka. Na wa chini nao, ukishasema, unayeyuka. Inasikika mara moja, kwa waliomo chumbani."

"Huwezi kuinasa?"

"Kuinasa nitainasa. Halafu itakuwa sauti iliyotoka kwenye mashine. Utampelekea nani akuamini? Na Lotte nakala unazo tele, kuna mtu anakuja kusikiliza nakala?"

Hapo ndipo Namkunda alipopaswa kumshukuru, kumpa chai na kumsindikiza. Lakini wakusanyaji wana ugonjwa wao mmoja: hawawezi kuona ukingo mtupu wakauacha. Mwanzoni mwa silinda ile, kabla baba hajasema neno, palikuwa na ukanda mwembamba usio na mfereji. Lotte hakufika hapo.

"Pasha ukingo tu," Namkunda alisema. "Tusikie kama kuna mtu kweli."

Mbonea akapasha. Tone la nta ya kahawia likadondoka kwenye sahani ya bati, na kutoka kwenye pembe ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, ya karibu sana. Hakusema Kijerumani. Alisema Chasu, lugha ya Wapare, Chasu cha kizee ambacho Namkunda alikuwa amekisikia kwa bibi yake mzaa baba tu.

"Mimi ni mtu wa Gonja," ilisema. "Ni Mshana, wa wafua chuma. Jina langu..."

Mbonea akazima. "Nikiendelea naingia kwa Lotte," alisema polepole, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa na utani.

Asubuhi yake akapima tena, akakaa chini bila kukaribishwa. Joto la ukingoni lilikuwa limeiamsha nta yote. Mikandamizo ilikuwa imeanza kulegea. Lotte, aliyechongwa juu, angeendelea kuwapo kwa miaka. Yule wa chini asingemaliza mwezi.

"Nisamehe, mama," Mbonea alisema.

"Nani aliyesema pasha? Si mimi?"

*

Habari hazina miguu lakini zilifika Gonja, ng'ambo ya milima, kabla ya wiki kwisha. Aliyekuja alikuwa Bibi Niwaeli, mwembamba, amevaa koti la kiume juu ya kanga, na fimbo ambayo aliibeba zaidi kuliko kuitumia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa meno? Basi usiniangalie kinywa, nimekuja kwa jambo jingine."

Alipewa uji, akaunywa wote kwanza. Kisha akaeleza. Kwao walikuwa wafua chuma, na bado walikuwa wakitambika. Yeye ndiye aliyebaki wa kuwaita wazee kwa majina, mmoja mmoja, na pombe ikimwagwa kwa kila jina. Lakini palikuwa na pengo. Babu mmoja alichukuliwa na Mzungu aliyetaka kuona jinsi chuma kinavyoyeyushwa, akaondoka na mivukuto yake begani, hakuonekana tena.

"Na jina lake?" Mbonea aliuliza.

"Mkewe alilikataza. Alisema kulitaja jina la mtu aliye safarini kama vile marehemu ni kumzika. Akaapa lisitajwe ndani ya nyumba ile mpaka mwenyewe arudi alitaje mlangoni. Watoto wakatii, si unajua watoto wa zamani. Mama akafa, na wao wakafa, wametii." Bibi Niwaeli akapangusa midomo. "Basi mimi nikifika pale nasema, na wewe uliyechukuliwa. Kila mwaka. Ni aibu, mwanangu. Ni kama kumwita mtu kwa kumpigia mluzi. Sasa nimesikia yuko hapa kwako na anataka kujitaja."

Namkunda alimweleza yote bila kuficha: kwamba babu amelala chini ya mtoto, kwamba kumwamsha babu ni kumyeyusha mtoto, na kwamba babu hana muda.

"Huyo mtoto," Bibi Niwaeli alisema, "naweza kumsikia?"

Haikuwa siku ya kikao. Namkunda alimcheza hivyo hivyo. Lotte akakariri, akakwama, akacheka, akaaga. Bibi Niwaeli alisikiliza ameinamia pembe kama anayechungulia kisima, na kicheko kilipoanza, mabega yake yakaanza kutikisika naye.

"Alikuwa na umri gani?"

"Hatujui, bibi. Watoto wanaokariri hivyo huwa wa miaka sita, saba."

"Na hao walikuwa wakicheza na sauti ya babu yangu kwa kuikwangua kama sufuria."

"Baba yake. Nadhani ndiye yuleyule aliyekuja Gonja. Alirudi kwao na silinda zake, akataka kumnasa mwanawe."

"Mtoto hakujua."

"Hakujua."

Bibi Niwaeli akasimama, akachukua fimbo yake. "Nilikuja na maneno mengi ya kukuomba," alisema. "Nilikuwa nayapanga njia nzima. Sasa siwezi. Siwezi kumwomba mtu amzime mtoto anayecheka. Nitaendelea kusema, na wewe uliyechukuliwa. Amezoea."

Akashukuru kwa uji, akaenda kulala kwa binamu yake chini ya soko.

*

Mbonea alikuwa anafunga kiibuzi kwenye blanketi, na Namkunda amekaa na silinda mapajani ndani ya kopo lake.

"Bibi kanitua mzigo," Namkunda alisema.

"Kakutua au kakutwika?"

Ukweli ni kwamba Namkunda alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia. Kama bibi angelia, angetishia kwenda kwa mkuu wa wilaya, angemwita mwizi wa wazee wa watu, Namkunda angejua la kusema. Angesema Lotte naye ni mtu. Angesema kosa la baba halilipwi na mwana. Maneno hayo alikuwa nayo tayari, mazuri kabisa, na bibi alikuwa ameyasema yote kwa niaba yake kisha akaondoka mikono mitupu.

"Nikuulize kitu, mama daktari. Lotte amesikika mara ngapi?"

"Nitajuaje? Mara nyingi. Kwao, hapa kwetu."

"Huyu mwingine?"

Namkunda akatazama kopo. Mtu alisimama mbele ya pembe ya Mzungu, mbali na kwao, akaulizwa wewe ni nani, akajibu. Na jibu lake likakwanguliwa kabla halijafika kwa mtu yeyote aliyelihitaji. Lotte alikuwa na jina. Alipendwa na baba, alipendwa na Eliudi, alipendwa na mji mzima wa watu wasioelewa neno lake hata moja. Kama kulikuwa na mtoto aliyekwisha kusikilizwa duniani, alikuwa huyo. Jambo hili lilikuwa wazi, na halikupunguza uchungu hata chembe. Namkunda akalia, akalia vizuri, na Mbonea, ambaye hakuwa na adabu nyingi, alikuwa na adabu ya kutosha kugeukia dirisha.

Alipomaliza akanawa uso. "Fungua hilo blanketi," alisema.

Alimkuta Bibi Niwaeli uani kwa binamu yake, anapukuchua maharage.

"Bibi, nimekuja kukualika. Kesho asubuhi, kwangu."

"Nilikwambia sikuombi."

"Hukuniomba. Nakualika. Mtu akija mlangoni kujitaja, si lazima wenyewe wawepo?"

Mikono ya bibi ikasimama juu ya maharage. "Na mtoto?"

"Mtoto nitamuaga mimi."

*

Taarifa zilipokelewa vibaya. Mchungaji Kajiru alimwambia usoni kwamba kicheko kile hakikuwa chake peke yake, na kwamba watu wangepaswa kuulizwa. Namkunda alikubali kuwa ni kweli, na hakuuliza. Waliokuja walikuwa nusu ya waliozoea kuja. Mchungaji alikuwapo, amenuna, na saa aliivua mwenyewe kabla ya kuambiwa.

Namkunda alimcheza Lotte mara ya mwisho. Safari hii watu hawakutabasamu wakati wa shairi, ila kicheko kilipofika hawakuweza kujizuia, hata Mchungaji, na sebule nzima ikacheka na kufuta macho kwa pamoja. Lotte akaaga. Namkunda akaitoa silinda kwa vidole viwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaifunika na mkono mwingine kwa nje, ngozi juu ya mifereji, kama unavyomshika mtoto shavu. Kisha akamkabidhi Mbonea.

Kiibuzi kilichukua muda kupata joto. Nta ikaanza kudondoka kwenye sahani ya bati, kahawia, yenye harufu ya sabuni ya zamani. Kutoka kwenye pembe kukawa na mkwaruzo tu. Kisha akaanza, pale pale alipoachia.

"...ni Mrindoko."

Bibi Niwaeli alilirudia kwa sauti, "Mrindoko," na watu wote chumbani wakalirudia nyuma yake bila kuambiwa, kwa sababu hakukuwa na chombo kingine cha kulibebea.

"Baba yangu ni Semvua," mtu yule alisema.

"Semvua."

"Baba wa baba yangu ni Irira, aliyekuja na moto."

"Irira, aliyekuja na moto."

Alitaja mto uliopita nyuma ya tanuri lake. Alimtaja mkewe, akasema ana hasira huyo, lakini anapika. Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa kwa kiwiko. Alisema alikuwa hajaambiwa lini angerudi. Aliyasema haya kwa utulivu, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri asiyetaka kuonekana ana haraka. Silinda ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la yai.

Kisha akavuta pumzi. Waliisikia.

"Nimejitaja," alisema. "Na wewe uliyemo humu ndani unayenisikia, wewe ni nani?"

Akanyamaza. Pembe ikawa inakwaruza. Mbonea alidhani imekwisha, akanyoosha mkono kuzima, na Namkunda akamshika kifundo cha mkono. Mtu yule hakuwa amemaliza. Alikuwa anangoja. Hata kimya chake kilikuwa kimechongwa kwenye nta, na kwa miaka yote ile hakukuwa na aliyemjibu.

"Mimi ni Namkunda," alisema kwa Chasu. "Binti Senzige, wa hapa Usangi."

"Mimi ni Kajiru," alisema Mchungaji nyuma yake.

"Mimi ni Mbonea."

Bibi Niwaeli alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa ameinamia pembe, mikono yake miwili juu ya fimbo.

"Mimi ni Niwaeli," alisema, "mtoto wa watoto wako. Na huyu aliyekuwa amelala juu yako anaitwa Lotte. Usimkasirikie, ni mtoto."

Nta ilidondoka. Mkwaruzo ukaendelea kidogo, kisha mtu yule akakohoa, kikohozi kifupi cha aliyeridhika.

"Haya," alisema Mrindoko. "Basi tumejuana."